Papa Asingiziwe Hadi Lini?

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, watu wa bara huanza mazungumzo ya bahari. Hapa Mwatate, nilipo wiki hizi kwa shughuli zangu, bahari iko mbali kiasi cha kilomita 180, lakini kwa jinsi inavyotajwa ungedhani iko nyuma ya mashamba ya mkonge. Shule zinakusanya fedha za safari. Vijana wanawekeana ahadi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 1917 na mia moja kupita, yaani 2017, na garimoshi likawa linasimama Voi, safari ya kwenda kutia miguu katika maji ya chumvi imekuwa nyepesi kuliko zamani. Na pamoja na furaha hiyo huja khofu moja ambayo nimeisikia tangu ujana wangu, nayo haijazeeka. Ni khofu ya papa.

Juzi nilikuwa katika hoteli moja ya chai karibu na stendi. Mama mmoja muuza ndizi aliposikia lafudhi yangu akanitambua kuwa ni mtu wa Mombasa. "Mzee," akaniambia, "mtoto wangu ataka kwenda na wenzake wa shule kuiona bahari. Nimemkataza. Nasikia huko papa hula watu." Nikamwuliza, "Mama, mtoto mwenyewe ajua kuogelea?" Akacheka. "Aogelee wapi, mzee, na hapa hata maji ya kunywa twayatafuta?" Nikamwambia kwamba ana haki ya kuogopa, ila amemwogopa asiyehusika.

Ningependa kulieleza neno hilo kwa urefu, kwa sababu si la mama yule peke yake. Katika fuo zetu za umma papa ndiye mwenye jina baya, lakini si yeye anayewaua wanetu, si yeye anayeuchafua mchanga, wala si yeye aliyewabana maelfu ya watu katika kipande kimoja cha pwani. Mambo hayo matatu ni kazi ya binadamu, na dawa yake imo mikononi mwa binadamu. Maadamu tunaendelea kumtazama papa, hatutaitafuta dawa hiyo.

Sisi watu wa mwambao tumeishi na papa tangu kale. Twamla akiwa mbichi na akiwa mkavu, na mchuzi wake wa nazi ni chakula cha heshima. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, ndiyo waliyopaka wazee wetu mbao za vyombo ili maji yasipenye. Mkubwa wa papa wote ni papa shilingi, mwenye madoa mgongoni kama sarafu zilizomwagwa. Huyo, juu ya ukubwa wake, hana habari na mtu. Chakula chake ni viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini. Wako papa wengine wenye meno ya kutisha, hilo sikatai, na mvuvi mwenye akili hamchezei papa. Lakini sijapata kumwona mvuvi aliyelala nyumbani kwa kumwogopa papa. Hulala nyumbani kwa kuogopa upepo wa kusi.

Ukisimama ufuoni Bamburi wakati maji yamepwa, tazama mbali utaona mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika. Pale ndipo penye mwamba wa matumbawe. Mwamba ule ni kama ua wa nyumba. Papa wakubwa aghalabu hukaa nje yake, penye kina kirefu, na wakogao hukaa ndani, penye maji haba. Sehemu ya bahari hiyo imehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1986, ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Kwa sababu ya ua huo, habari za mtu kuumwa na papa akikoga katika pwani ya Kenya ni nadra mno.

Tutazame hesabu za dunia nzima. Kuna daftari la mashambulizi ya papa linalowekwa na wataalamu wa Florida huko Marekani. Kwa mwaka 2021 daftari hilo liliandika mashambulizi 73 ambayo papa hakuchokozwa, na waliokufa katika hayo walikuwa 9. Ni watu tisa duniani kote, kwa mwaka mzima. Mwaka huo huo wa 2021, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji. Gawanya kwa siku za mwaka, utaona kwamba kila saa moja walikufa watu zaidi ya 30. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Na katika mabara yote ya shirika hilo, kiwango cha kufa maji kilikuwa kikubwa zaidi hapa kwetu Afrika. Basi nani wa kuogopwa?

Jina baya la papa lina historia yake. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Peter Benchley, alitoa riwaya iitwayo Jaws, na mwaka uliofuata Steven Spielberg akaifanya sinema. Ikaenea dunia nzima, ikawafanya watu waliozaliwa mbali na bahari wamwogope mnyama wasiyepata kumwona. Mtunzi mwenyewe aliishia kuwa mtetezi wa papa, akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Lakini sinema ilikwisha kusema, na sauti ya mtetezi ni ndogo kuliko sauti ya ngoma. Watafiti waliokadiria mwaka 2013 walisema kwamba binadamu huwaua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka, wengi kwa ajili ya mapezi yao. Ukiyaweka mizanini, papa ndiye angepaswa kukataza watoto wake wasije pwani.

Ndugu zangu Wataita hawana haja ya kufundishwa jinsi jina la mnyama linavyokua. Hapo Tsavo, upande wa pili wa Voi, mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli. Mhandisi Patterson, aliyewapiga risasi simba hao, alikuja kutaja idadi ya watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao hata leo wako katika jumba la makumbusho la Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa waliliwa watu wapatao 35. Hata 35 ni msiba mkubwa, wala hapana wa kuudharau. Lakini huona mwenyewe, msomaji, jinsi idadi inavyonenepa katika usimulizi. Na jambo la pili ni kwamba simba wale hawakugeuka wala watu bure. Mmoja alikuwa na jino bovu lililomwuma, na tauni ya mifugo ilikuwa imepita nchini ikamaliza nyati na ng'ombe. Mnyama anapobadili tabia, mna sababu, na ni wajibu wetu kuitafuta.

Hapo msomaji mwenye kumbukumbu ataniuliza: na Mogadishu je? Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Lido ni ufuo wa umma unaopendwa sana na watu wa mji ule. Katika miaka ya 1970 na 1980 papa waliwashambulia waogeleaji hapo mara nyingi, watu wakafa, na ufuo ukapata sifa ya kutisha. Bahari ni ile ile yetu. Kwa nini basi Bamburi watu wakoge miaka nenda miaka rudi, na Lido waliwe?

Jibu liko nchi kavu. Karibu na ufuo ule palikuwa na machinjio, na damu na matumbo ya wanyama yalimwagwa baharini. Papa ana pua kali ajabu kwa harufu ya damu. Aliandaliwa karamu kila siku, naye akaja. Akizoea kula mahali, hatofautishi tena kati ya utumbo wa ng'ombe na mguu wa mtu. Wako pia waliotaja ujenzi wa bandari mpya ya mji ule, kwamba ulifungua njia katika mwamba. Kwa vyovyote, mkono uliomwita papa ulikuwa wa binadamu. Hakuna aliyeweza kumshtaki papa kwa kuitika mwito.

Na ole wetu, kwani ufuo huo huo umetufunza somo jingine chungu zaidi. Baada ya miaka mingi ya vita, watu wa Mogadishu walirudi Lido. Ijumaa jioni ufuo ulijaa tena vijana wakicheza mpira na familia zikinywa chai. Ijumaa ya tarehe 2 Agosti 2024, wanaume wa Al-Shabaab waliingia katika umati ule, mmoja akajilipua na wenzake wakapiga risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa. Sijui papa gani angeweza kufanya hivyo katika jioni moja.

Huko Durban, Afrika Kusini, waliamua tangu mwaka 1952 kutega nyavu baharini kuwakinga waogeleaji. Nyavu hizo hunasa papa, lakini hunasa pia kasa na pomboo wasio na kosa. Sisi hatuzihitaji. Mwenyezi Mungu ametupa mwamba, na machinjio hatujayajenga ufuoni. Tunachohitaji ni kuyatazama mambo yaliyo ndani ya ua wetu.

Nianze na maji yenyewe, kwani hayo ndiyo yauayo. Mtu wa bara akifika pwani asubuhi huiona bahari imetulia kama maziwa bakulini, akadhani hivyo ndivyo ilivyo siku zote. Hajui kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Hajui bamvua, ambayo huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kwa pwani ya Mombasa, siku za bamvua maji hupwa sana kama saa nne ya asubuhi na kujaa kama saa kumi ya alasiri. Mgeni huondoka asubuhi akatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, akiokota kombe na kupiga picha. Akigeuka nyuma, vidimbwi alivyovivuka vimekuwa vilindi.

Fikirini jambo hili, maana sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuuhesabu mwezi lakini hatufikiri lina uhusiano gani na mchanga wa Bamburi. Idd ya kumaliza Ramadhani huja na mwezi mwandamo. Bamvua nayo huja na mwezi mwandamo. Maana yake ni kwamba siku zile ambazo watoto wetu humiminika pwani kwa maelfu, na nguo mpya na senti za Idd mkononi, ndizo siku ambazo maji huenda mbali kabisa na kurudi kwa nguvu kabisa. Wazee walilijua hilo bila kuandikiwa. Je, nani leo anawaambia vijana?

Tena kuna mkondo. Mawimbi yakisukuma maji ufuoni, maji hayo lazima yapate njia ya kurudi, na mara nyingi hupita katika mlango mwembamba kama mto ndani ya bahari. Aliyechukuliwa na mkondo huwa anataka kurudi moja kwa moja nchi kavu, akapigana na maji mpaka nguvu zikamwishia. Asemavyo mhenga, mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa huko ndiko kumalizako. Dawa ni kutulia, kuelea, kupunga mkono, na kuogelea kwenda kando, sambamba na ufuo, mpaka utoke katika mkondo. Ni maneno machache tu. Yangeweza kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa katika kila ufuo, na yangeweza kufundishwa darasani Mwatate kabla ya basi kuwashwa.

Pombe nayo ni ndugu wa mkondo. Na tyubu za magari zinazokodishwa ufuoni zimewadanganya wengi, kwani mtoto asiyejua kuogelea hulala juu ya mpira, upepo ukamchukua, na mpira ukiteleza hana pengine pa kushika. Si kosa la mpira. Kosa ni kumwachia mpira kazi ya mzazi.

Wala wasomaji wa Taita wasidhani kwamba maji ya hatari yako Mombasa peke yake. Katika kaunti hii hii, kule Taveta, kuna Ziwa Chala, maji ya buluu katika shimo la volkano, mazuri hata mtu akatamani kujitosa. Mwaka 2002 kijana mgeni kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea humo. Na kila penye bwawa la kunyweshea mifugo au shimo lililochimbwa likaachwa, mna mlango wa msiba kwa mtoto asiyeangaliwa. Kujua kuogelea si anasa ya watu wa pwani. Tena nisiwapambe watu wa kwetu. Wengi waliozaliwa wakisikia mawimbi, hasa wasichana, hawajui kuogelea kwa sababu hapana aliyewafundisha.

La pili ni uchafu. Jomo Kenyatta Public Beach, ufuo ambao wengi huuita Pirates, nimeuona alfajiri ya siku ya pili baada ya sikukuu. Chupa, nepi za watoto, mifupa ya kuku, viatu vya mguu mmoja, na vipande vya chupa vilivyofukiwa mchangani kama miiba. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimekatazwa katika hifadhi na fuo zilizolindwa. Sheria tunayo. Ila sheria haiokoti taka.

Na liko jambo ambalo magazeti huona haya kulitaja, nami nitalitaja. Watu maelfu kwa maelfu hukaa ufuoni kutwa nzima, na vyoo ni vya kuhesabu kwa vidole. Haja zinakwenda wapi? Zinakwenda kichakani na zinakwenda baharini, pale pale watoto wanapomeza maji wakicheka. Chuoni maalim wetu alitukanya vikali tusijisaidie njiani, kivulini pa watu wala majini, na akatufunza kuwa kuondoa mwiba njiani ni katika imani. Hatukudhani wakati ule kwamba ni mafunzo ya afya ya umma. Lakini nasema pia kwamba si haki kumkanya mtu asiende kichakani na choo hukumjengea.

Kadhalika kuna wanaowashika wanawake maungo ndani ya maji kwa kisingizio cha msongamano. Kuna wanaoiba nguo na simu za waliomo majini. Kuna watoto wanaopotea katika umati, wakalia mpaka jua likachwa. Wako vijana wa ufuoni walio waungwana, ambao wameokoa roho nyingi bila mshahara wala asante, na wako wengine ambao humwona mgeni kama samaki aliyejileta wavuni. Yote hayo huwapata watu ndani ya mwamba, mbali na meno ya papa.

Baadhi ya wenzangu wa Mombasa, wakifika hapa, husema kwa mkato: "Ni watu wa bara hao. Hawajui pwani." Maneno hayo siyakubali. Umati pwani si jambo geni kwetu. Mwambao huu ulikuwa na desturi ya kuoga mwaka. Siku ya Mwaka watu waliteremka baharini alfajiri, wakubwa kwa wadogo, wakauaga mwaka wa zamani majini. Makunduchi, Unguja, sherehe za Mwaka Kogwa zingaliko kila Julai. Watu walikuwa wengi, na adabu ilikuwapo kwa sababu kila mtu alijua mahali pake na wazee walijulikana. Kilichopungua leo ni uangalizi, wala si kabila la mkogaji.

Hapo tumefika katika la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Kwa nini watu wote hao wamebanana katika kipande kimoja? Pwani ya Kenya ni ndefu mamia ya kilomita. Mtoto wa Mwatate akishuka kutoka basini, angeweza kuwa na mahali pengi pa kwenda. Lakini tembea kutoka Nyali kwenda kaskazini, au vuka Likoni uende kusini, uzihesabu njia za umma zinazofika majini. Utakuta ukuta, kisha lango, kisha mlinzi, kisha ukuta mwingine. Vichochoro ambavyo wavuvi walipita na madema yao mabegani vimezibwa, au vimekuwa vyembamba hata mtu mwenye mzigo hapiti. Mimi mwenyewe nimewahi kusimamishwa na mlinzi nikiwa mchangani, miguu yangu imo majini, nikaulizwa nimepewa ruhusa na nani.

Ruhusa hiyo imo katika Katiba. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimeitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule unaolowa na kukauka ni wa mama muuza ndizi wa Mwatate kama ulivyo wa mwenye hoteli ya nyota tano. Lakini haki isiyo na njia ya kuifikia ni sawa na embe lililo juu ya mti wenye nyuki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitueleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Msongamano wa Pirates haukushuka kutoka mbinguni. Ukiwafungia watu milango tisa na kuwaachia mmoja, usiwalaumu kwa kusukumana mlangoni.

Basi tufanye nini? Kwanza, serikali za kaunti za pwani zijue kwamba ufuo wa umma si uwanja tu wa kutoza ushuru wa wachuuzi. Ni mahali panapotaka waokoaji wenye mafunzo na mshahara, bendera za kuonyesha pa kukoga na pasipo, mbao zenye saa za maji kujaa na kupwa, vyoo, maji baridi na mapipa ya taka. Vijana wanaojua bahari wapo tele, na kazi hawana. Wapeni.

Pili, njia za umma zilizozibwa zifunguliwe, na zilizobaki zilindwe kwa alama na ramani. Wenye mahoteli wasilione jambo hili kama vita. Mgeni wao wa ng'ambo hatadhurika kwa kumwona mtoto wa Kenya akijenga nyumba ya mchanga.

Tatu, walimu wa shule za bara. Safari ya bahari ni elimu, nami siwashauri wazazi waikataze. Lakini kila kundi la watoto liwe na mtu mzima wa kulihesabu kabla ya kuingia majini, wakiwa majini, na baada ya kutoka. Waulizeni wavuvi: maji yatajaa saa ngapi, mkondo uko wapi? Mvuvi hakatai kuulizwa. Wala mtoto asiyejua kuogelea asipite maji ya magotini, hata wenzake wakimcheka.

Nne, sisi sote. Tuliokwenda na chupa kumi turudi na chupa kumi. Aliyekunywa asikoge. Mwanamke aliye majini aheshimiwe kama alivyo sokoni au nyumbani kwake. Mtoto aliyepotea awe mtoto wa kila mtu mpaka mamake aonekane.

Ama papa tumwache na bahari yake. Tukiacha kumwitia damu, kumkata mapezi na kumharibia mwamba, hana deni nasi. Nawaachia ubeti mmoja, waalimu wakiona unafaa wawasomee watoto kabla ya safari:

Papa kwao baharini, ndiko alikoumbika,
Wewe uliye mgeni, hodi sharuti kutaka,
Taka zako tia ndani, ya kapu ukiondoka,
Mwana awe mkononi, mawimbi yakiinuka.